Shimo la Saba

Jumanne, 1 Machi 1955

Nimeficha mambo mawili. La kwanza ni chupa iliyopo dirishani pangu, nyuma ya pazia. La pili nitaliandika mkono ukikubali.

Daktari amekuja asubuhi. Mgoa mpole, ana desturi ya kutazama saa yake anapotaka kusema jambo zito. Kanibonyeza mguu kwa kidole, tundu likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Moyo umechoka, amesema, maji hayana pa kwenda. Nisionje chumvi tena. Si ya ng'onda, si ya achari, wala chembe. Nikamwuliza nimebakiwa na muda gani. Akatazama saa. Huenda nikaufikia mwezi wa Ramadhani, huenda nisiufikie.

Nina miaka sitini na sita. Ishirini na mitano kati ya hiyo nimeimaliza katika maabara ya spitali, napima mikojo ya watu na damu zao. Hakuna alichosema nisichokijua.

Basi chupa. Ni chupa ya achari ya mdomo mpana. Chini mna tope jeusi. Juu ya tope utando wa zambarau iliyokaribia damu. Juu yake ukanda mwembamba wa kijani, kisha maji. Niliijaza kwetu Jambiani mwaka 1933. Tangu hapo sijaipa kitu ila jua la dirisha hili, na kijiko kimoja cha chumvi kila mwaka. Vijiko ishirini na viwili! Maji yale sasa hakuna samaki wa kuyaweza. Na wao wamo. Wamo, wekundu vile vile.

Wekundu — ndivyo ninavyowaita. Mkuu wetu wa maabara siku zile, tukimwita Bwana Daktari, alikuwa na jina lao refu la Kilatini. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Yeye ndiye aliyeniibia.

Nimechoka. Kesho.

Alhamisi, 3 Machi

Jana sikuweza kukaa kitako.

Mchuzi wa Tabia chapwa kabisa. Mwanangu huyu ana mkono wa kupika, Sokomuhogo nzima inajua, na sasa ananipikia kama anayechemsha nguo. Nikamwambia, mama, tia hata ndimu. Akasema ndimu imo, Baba, tena mbili. Hata ulimi wangu umenigeuka.

Niandike habari ya wekundu, nisife nayo.

Kwetu wanawake hufukia makumbi ya nazi pwani, katika tope ambalo bahari hulijia na kuliacha. Kila mwanamke na shimo lake, na mawe yake juu ya shimo. Hukaa humo makumbi miezi saba, minane, yakaoza, yakafukuliwa, yakapondwa, ukatoka usumba wa kusokota kamba. Kamba hizo ndizo zilizonisomesha. Dada yangu Kazija alisokota Jambiani, mimi nikakaa skuli mjini.

Mashimo hunuka yai viza. Na siku za maji mafu, bahari isipofika na jua likawaka, maji yaliyotuama juu yake hukolea chumvi mpaka yakafanya ukoko mweupe kandoni. Hapo ndipo hugeuka mekundu. Wanawake husema: shimo limetia hina. Basi, wakaendelea na kazi zao.

Mimi nilitia tone chini ya darubini ya spitali. Vijidudu vinene, vinaogelea, na ndani ya kila kimoja vijitone vinavyong'aa vya kibiriti upele. Wanakula ule uvundo! Uvundo na jua. Kama mti unavyoishi kwa jua, ila hawa hewa hawaitaki.

Kisha nikawatilia chumvi kali. Wakasinyaa pale pale, wakasimama. Nikasema wamekufa. Vioo viwili, kingo nimeziziba kwa nta. Kimoja nikakiweka dirishani, kimoja kabatini. Baada ya saa tatu wa dirishani wamejaa tena, wanaogelea. Wa kabatini kimya. Nilirudia mara thelathini. Kwa hiyo hawaokolewi na ngozi ngumu. Wanaokolewa na kazi, na kazi hiyo inataka jua.

Kazi gani? Nilikusanya utando wao, nikauchemsha, nikaupima kwa ile dawa ya buluu tunayopimia mkojo wa wenye sukari. Buluu ikabaki buluu. Wiki nzima nilikuwa kama mfiwa. Halafu nikakumbuka: sukari ya miwa nayo haiigeuzi dawa ile mpaka uichemshe kwanza na tindikali. Nikafanya. Ikageuka rangi ya tofali! Na kadiri nilivyowazidishia chumvi nje, ndivyo utamu ulivyozidi ndani. Chumvi inawanyonya maji, na wao wanajitengenezea utamu wa kuyazuia yasiwakimbie.

Nililiona hilo mimi, mtoto wa msokota kamba. Nikaliandika katika daftari, nikampa Bwana Daktari alipokwenda likizo kwao. Miaka mitatu baadaye nikakiona kijitabu kilichopigwa chapa Ulaya. Jina lake juu. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, anamshukuru mtumishi mwenyeji aliyeleta tope.

Aliyeleta tope!

Jumamosi, 5 Machi

Nimesalitiwa nyumbani mwangu.

Nilimwambia Tabia wazi: shangazi yako asipewe habari. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu haikuhusu. Asubuhi akavaa buibui, akasema anakwenda sokoni Darajani. Adhuhuri nasikia ngazini pumzi za mtu wa pili, na fimbo.

"Hodi wenyewe! Bakar, u hai?"

Dada Kazija. Kutoka Mtoni, miaka sabini na mbili, kapanda ngazi zote tatu. Akasimama mlangoni akanitazama, mkono kiunoni.

"Khaa! Umevimba kama bunju!"

"Na wewe umekauka kama ng'onda," nikasema. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, bunju wangu."

Akakaa kitandani pangu, akanishika mguu, akaupapasa kama mtu anayechagua papai. Kaja na kifurushi. Hakuja kunitazama, kaja kukaa. Tabia alikuwa nyuma yake, macho chini. Nikamwambia Tabia, umenidanganya. Akajibu taratibu kwamba yeye alikwenda sokoni kweli, na sokoni kukawa na gari la Bububu, linalopita Mtoni.

Dada akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumapili, 6 Machi

Dada kaiona chupa. Alikuwa anafungua pazia, ati chumba kimekuwa kaburi kabla ya wakati wake. Akaishika, akaigeuza juani. Kabla sijasema kitu kaizibua, kainusa.

"Wee! Shimo la makumbi hili!" Sauti ilimtoka kama ya msichana. "Hili la kwetu. Bakar, umekaa na kwetu dirishani miaka yote hii usinambie?"

Hajaiona Jambiani tangu mwaka ule wa 1933. Alikaa na chupa mapajani asubuhi nzima. Akamsimulia Tabia, ambaye hajawahi kutia mguu katika tope: namna ya kupanga makumbi, migongo juu, namna ya kumcheka mwali anayefukua kabla ya wakati, nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya wanaume.

"Mstari wetu mashimo kumi," akasema. "Yanahesabiwa tokea baharini. Unaanza kule mbali maji yakiwa yametoka, unarudi kinyumenyume na maji yanakufuata. Anayehesabu tokea nchi kavu ni mgeni, tutamcheka hadi jioni. La nne la Mwanapili, Mungu amrehemu. La saba langu."

Tabia akamwuliza: kwa nini uliondoka, Shangazi?

"Muulize babako. Yeye ndiye msomi."

Nikasema naomba dawa yangu.

Jumanne, 8 Machi

Nimeamka usingizini alasiri — chupa haipo!

Nimepiga kelele mpaka kifua kimeniuma. Tabia kaja mbio, mikono ina unga. Kumbe wanawake wa jirani walikuja kunijulia hali, naye kaona haya. Tangu Dada alipoizibua chupa inatoa harufu. Kaitia chini ya ngazi, ndani ya sanduku la makaa.

"Gizani, Tabia! Umewatia gizani!"

"Baba, ni tope."

Miaka ishirini na miwili dirishani, na mwanangu wa kumzaa anasema maneno ya Bwana Daktari bila ya kuyajua.

Dada Kazija akateremka yeye. Fimbo, ngazi moja moja. Akapanda nayo kifuani, imefunikwa kwa kanga, kama anayebeba mtoto mchanga. Akaiweka pale pale. "Wasalimie watu wako," akaniambia. Rangi imefifia kidogo. Au macho yangu.

Alhamisi, 10 Machi

Tabia kaniuliza, kama alivyoambiwa. Nikamsimulia. Naandika hapa nilivyomsimulia.

Mwaka 1933, mwezi wa nane, Mwanapili alifukua shimo lake. Makumbi yakatoka mabichi, magumu kama siku yalipofukiwa. Miezi saba ya kungoja, na hana hata pima moja ya kamba! Mama huyu alikuwa na watoto sita na mume kipofu. Akapiga yowe pwani pale. Kwetu kulifungua shimo la mwenzako ni kama kuingia chumbani mwake. Kuliharibu — hakuna jina lake.

Mimi nilikuwa Jambiani, likizo, nyumbani kwa Dada. Sheha na wazee wakaniita barazani. Wewe mtu wa spitali, wakasema, tupimie maji haya. Nikayachemsha mbele yao kwenye kikaango mpaka yakakauka, na maji ya bahari nikayachemsha pembeni, kipimo kimoja. Kila mtu akaona. Katika maji ya Mwanapili chumvi ilikuwa mara tatu.

Sheha akauliza: bahari inaweza kufanya hivi yenyewe? Nikasema, haiwezi. Jua hukoleza maji ya juu tu; chumvi hii ya chini kabisa imetiwa na mkono wa mtu.

Ndio ukweli. Nilisema nilichopima.

Wakatazamana. Kijijini hapo mwanamke mmoja tu alikuwa akichemsha chumvi nyuma ya nyumba yake, akiwapa wavuvi. Na mwanamke huyo huyo alikuwa kagombana na Mwanapili. Mwanapili alimwita tasa mbele ya watu, pale pale mashimoni, mwanzo wa mwaka ule. Kazija binti Makungu. Dada yangu.

Aliulizwa. Hakukubali, hakukana. Alisema tu: "Mungu anajua." Siku ya pili wanawake wa mstari wakateremka pwani wakang'oa mawe yake. Mwanamke akishang'olewa mawe hana tena kazi, hana wa kwenda naye kisimani. Akahamia Mtoni kwa mama yetu mdogo.

Tabia akauliza: na wewe, Baba, hukusema neno la kumtetea?

Nikasema niliulizwa nilichopima.

Jumamosi, 12 Machi

Ajabu! Ulimi umerudi. Siku tatu sasa uji wa asubuhi una ladha. Nimemaliza bakuli na kuomba jingine. Dada ndiye anayeupika, ati Tabia apumzike. Nimemwambia mkono wako, dada, una baraka.

Akasema, "Kula, bunju."

Maji yamepanda yakapita magoti. Sielewi.

Jumatatu, 14 Machi

Naandika kwa taabu. Lakini lazima leo.

Daktari kaja, kabonyeza mguu, halafu paja, halafu kamgeukia Tabia. Akasema kwa upole wake kwamba mgonjwa huyu anakula chumvi. Tabia akaapa kwa Mungu. Daktari akatazama saa, akaenda zake.

Basi Dada Kazija, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, hata hakuinua kichwa.

"Mimi nnamtilia. Kidogo. Mtu hafi na uji wa chapwa, si mwizi huyu."

Tabia akalia. Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo sijapata kumwambia. Kwamba ananiua. Kwamba kanisaliti, mtu niliyemwamini kuliko wote. "Umenitilia chumvi kwa siri! Bila ya kunambia!"

Akaweka ungo chini.

"Na wewe je?"

Mimi nini? nikasema.

"Mimi nimetia chembe," akasema. "Wewe ulitia gunia."

Tabia alikuwa mlangoni. Akamwambia nenda kachote maji, mwanangu. Akaenda. Dada akasogea, akakaa pale anapokaa siku zote, miguuni pangu.

Alijua. Alijua tangu siku yenyewe! Siku ile ya Ijumaa, mwezi wa kwanza, wanawake wote wamekwenda harusini Paje na wanaume wako msikitini. Karudi harusini, kalikuta gunia tupu nyuma ya mtungi wake, gunia la spitali, lina alama. Na kanzu yangu juu ya kamba, ina ukoko mweupe mpaka magotini. Akalichoma gunia. Akaifua kanzu.

"Nikasema, Bakar kawasikia watu wanavyolicheka neno la Mwanapili. Hawezi kumpiga mwanamke. Kamtilia shimo chumvi! Wallahi nilicheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe. Halafu nikamwonea imani, na watoto wake. Lakini nilicheka kwanza."

Nikamwuliza: mbona hukusema pale barazani?

"Nimtaje aliyenitetea?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Baba kafa mimi mdogo. Mume kaniacha kwa ajili ya tumbo langu. Hapana mtu aliyenitetea duniani ila wewe siku ile. Na wewe una kazi ya serikali. Mimi nina nini? Mawe."

Jumanne, 15 Machi

Sijalala vizuri. Nina hasira, na ni nani wa kumkasirikia? Miaka ishirini na miwili nimemkwepa. Kila Idi nikimpelekea kanga, nikikaa ukingoni mwa kiti, nikirudi na gari la kwanza. Nikidhani hajui. Naye anajua, ananimiminia kahawa! Ananiangalia ninavyotapatapa. Kama huko si kusaliti ni nini?

Hapana. Nimeisoma sentensi hiyo tena. Haina haya.

Niandike basi la pili, lile nililoliahidi. Chumvi ilikuwa yangu. Pishi tisa, nimezichukua spitali, nimezizika katika shimo ndani ya vikapu vitatu, kati ya makumbi. Nilitaka kujua wekundu watahimili kiasi gani katika shimo lenyewe, si katika kioo. Na walihimili! Vilivyokuwa vikiozesha makumbi vilikufa. Wao wakabaki, wekundu kuliko mwanzo. Kila bamvua nilikuja Jambiani na chupa zangu. Hiyo ya dirishani ndiyo ya mwisho. Ukurasa huo wa daftari sikumpa Bwana Daktari. Niliukata kwa wembe. Kwa hiyo aliniibia kazi iliyokwisha kupungua ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio uliokuwa na mwenyewe: mimi.

Barazani nilipima chumvi yangu mwenyewe mbele ya wazee, nikatangaza kwamba ni ya mkono wa mtu.

Leo mchana Dada kamwambia Tabia yote. Nimewasikia ukumbini. Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa fahari! "Babako, huyu unayemwona, alimlipizia dada yake." Tabia kaja akanibusu mkono. Mwanangu, ambaye tangu Alhamisi alikuwa hanitazami usoni.

Nikamwachia mkono. Nikafumba macho.

Jumatano, 16 Machi

Pumzi fupi. Dada kasema, "Nshakusamehe tokea siku ile, usijisumbue." Nilikuwa sijaomba.

Kamsamehe mtu mwingine. Mtu huyo hayupo humu ndani.

Alhamisi, 17 Machi

Jua zuri. Dada kaisogeza chupa mpaka ukingoni mwa dirisha na kuigeuza, ati upande wa nyuma nao uote. Rangi imerudi. Siku tisa tu, na gizani waliingia nusu siku. Ameleta uji wa chapwa leo. Kaonja yeye kwanza, kakunja uso, tukacheka wote wawili.

Nimekuwa nikimtazama. Mtoni miaka yote ile, akifua nguo za watu, asiwe na shimo wala shoga wa kumwita kwa jina la utotoni. Sikuelewa alivyoweza. Sasa naelewa. Ndani kwake alijitengenezea hili: nina ndugu, alinitetea. Kila walipomzidishia nje, yeye akazidisha hilo ndani. Ndilo lililomzuia asikauke. Nikiliondoa leo, na yeye ana miaka sabini na mbili —

Na nisipoliondoa nitakwenda na radhi isiyo yangu.

"Unaandika nini tangu asubuhi?"

"Habari za wekundu."

"Na mimi nimo?"

"Umo."

Akafurahi. Herufi hizi hazijui, alisoma msahafu tu. Akanyoosha mkono akaligusa daftari kwa kidole, pale jina lake lilipo, bila ya kujua kuwa ndipo. "Basi Tabia atanisomea. Akirudi tu. Nataka nisikie ulivyoniandika kule barazani, na Mwanapili alivyofungua kinywa."

Nikasema, dada, hapana haja. Akasema, "Haja ipo. Watu wote wamenisema mimi mwovu. Nataka nisikie mtu mmoja kaandika vingine."

Kakaa upande wa dirisha sasa, mikono mapajani, anangoja. Nasikia viatu vya mtalawanda ngazini. Tabia anapanda. Ngazi ya kwanza.

Ningeweza kuurarua ukurasa huu. Wembe upo. Nimeshawahi.

Sikumsikia Mwanapili akimtukana dada yangu. Nilikuwa mjini siku ile. Habari ya ugomvi nimeipata barazani, pamoja na wazee, chumvi ikiwa imo shimoni miezi saba. Sikumtetea mtu. Nilitaka shimo moja la kujaribia, na nilijua litaharibika. Nikachagua shimo la mtu ambaye hatanishitaki, ambaye hajaninyima kitu tangu nizaliwe. Alinambia mwenyewe zamani kwa mzaha, likizo moja: langu la saba. Nilikwenda kuzika chumvi katika shimo la Kazija.

Mashimo kumi. Nilihesabu tokea nchi kavu.